Kiingereza cha Kuamriwa

Juzi kitukuu changu alijilaza kwenye mkeka wangu akifanya kazi aliyopewa na mwalimu wake wa Kiingereza. Anasoma kwa sauti: sentensi hii ya kueleza, hii ya kuuliza, hii ya kuamuru. Kisha akaanza kuzigeuza, ya leo kuwa ya jana, ya jana kuwa ya kesho, upesi kama mtu ageuzaye chapati. Alipofika kwenye zile za kuamuru akakwama. "Bibi," akasema, "hizi hazigeuki."

Nikamwambia najua. Akacheka sana, kwa kuwa nyumba nzima yajua kuwa mimi skuli sikwenda.

Lakini nilikwenda, mwenzangu. Nilikwenda asubuhi moja.

Ilikuwa wakati wa vita vikuu, na mtaa wetu wa Chaani ulikuwa mikanju ya korosho na mihogo mitupu, na mlio wa gari la moshi kutoka Changamwe. Ukitoka kisimani, nyumba ya kwanza alikaa Mwanakombo aliyeshona makuti, ya pili Mama Nyevu muuza bajia, ya tatu Fundi Shee wa vitanda, ya nne ni sisi. Majina yote ninayo, hata ya mbuzi wa Mama Nyevu. Ila watatu sitawataja kwa majina, nao ni baba, shangazi na mwalimu. Wana vizazi vyao, na vizazi vyao vinasoma.

Shangazi alikuwa mdogo wake baba. Alikuwa yaya kwa Wazungu, kule juu Port Reitz, na jioni akirudi alinukia sabuni ambayo sisi tukiijua kwa pua tu. Mimi nilikuwa na miaka kama kumi, chuoni nimeshamaliza juzuu ya kwanza, na roho yangu yote iko skuli. Wasichana wa skuli walipita kila siku na madaftari kifuani, nami nimesimama na ndoo kichwani nawatazama mpaka maji yanichuruzike shingoni. Baba nilimsumbua hata akasema, skuli yataka Kiingereza. Shangazi yako akufundishe kwanza. Ukikijua, nitakupeleka mwenyewe kwa mkono wangu.

Basi kila siku baada ya Alasiri nikawa jikoni kwa shangazi. Mbaazi zinatokota kwenye tui, korosho zinaungua nje, na yeye amepanga buli, vikombe na kitambaa kama dukani. Akisema kamu hia, naja. Bringi ti, naleta buli. Shati doo, nafunga mlango. Swipu, nafagia. Donti tachi, narudisha mikono nyuma. Weiti, nasimama nisipumue. Alikuwa na subira, wallahi, hakunipiga hata siku moja. Nikipata sawasawa hunitilia kaimati mdomoni kwa vidole vyake mwenyewe.

Kile Kiingereza nilikwenda nacho kila mahali. Nilikitwanga kinuni, nikakichota kisimani, na wenzangu wakaniita Memsabu wa Ndoo. Mbuzi wa Mama Nyevu walikuwa wakinisikia kuliko ndugu zangu. Siku moja nikamwuliza shangazi, mtu akitaka kusema jana nilikula muhogo, asemeje? Na akitaka kuuliza kwa nini? Akafuta buli kwa muda.

"Hayo ya mbele, mwanangu," akasema. "Kwanza miguu ikijue Kiingereza, ulimi utafuata."

Nikaamini. Nikangoja Ramadhani ikaisha, Idi ikapita, baba kila nikimwuliza asema bado. Mwishowe asubuhi moja nikaiacha ndoo yangu kwa Mwanakombo, nikavuka reli, nikaingia skuli peke yangu.

Mwalimu alikuwa msichana wa watu, amevaa viatu, mikono imejaa vumbi la chaki. Nikamwamkia shikamoo, nikamwambia nimekuja kusoma na Kiingereza nakijua. Akatabasamu, akanisemesha kwa Kiingereza. Sikushika kitu. Nikamtazama mikono nione anataka nilete nini. Akasema tena, polepole, na ndani ya maneno yale nikasikia lile langu, swipu. Nilivyofurahi! Nikachukua ufagio nyuma ya mlango nikalifagia darasa zima, mpaka chini ya miguu ya wasichana, nao wakacheka hadi mmoja akaanguka benchini.

Mwalimu aliwanyamazisha. Kumbe aliniuliza kama jana nilifagia kwetu.

Akanikalisha, akaniambia nimtolee Kiingereza changu chote. Nikakitoa. Akakiandika ubaoni neno kwa neno, kisha akarudi nyuma akakitazama, uso umembadilika.

"Mwanangu, hizi zote ni amri," akasema kwa Kiswahili. "Amri haina jana wala kesho. Na ndani ya amri hizi wewe mwenyewe humo."

Nikamtetea shangazi, nikasema mengine yaja mbele. Mwalimu akasema nisimlaumu, labda naye ndiyo hayo tu aliyopewa. Akanifundisha kitu kimoja kabla sijaondoka. Lile kamu la kuitwa, akalitia mtu na akalirudisha jana, likawa ai kemu, yaani nilikuja. Akasema Jumatatu nirudi na baba, nafasi iko. Nilivuka reli nalisema. Ai kemu, ai kemu. Hapajapata kuwa na mtoto aliyefurahi vile Changamwe nzima.

Nyumbani niliwakuta barazani baba na shangazi, siku hiyo hakwenda kazini. Hakuna aliyeniuliza nilikotoka. Shangazi akaniita, nikaitika abee, nikasogea, akakunjua aproni nyeupe akanipima mabegani. Akamwambia baba itapunguzwa kidogo. Hapo ndipo nikaelezwa. Shangazi ameposwa, aenda Tanga, na memsabu hamwachilii mpaka alete mwingine mahali pake. Shauri hilo lilishakatwa tangu kabla ya mfungo.

"Memsabu hataki yaya anayeelewa mazungumzo ya mezani," shangazi akasema, na sauti yake ilikuwa ya upole ile ile ya kaimati. "Mimi yamenishinda, nasikia kila kitu. Ataka wa kusikia kazi tu. Nimekufunza vile vile atakavyo."

Nikamgeukia baba. "Na skuli, baba?"

Baba alikuwa akitazama makubadhi yake. "Mshukuru shangazi yako," akasema.

Jumatatu saa ya skuli nilikuwa kwenye veranda ya Mzungu, nimevaa aproni. Njia nzima nilikuwa nikimtafutia shangazi udhuru kama alivyonifunza mwalimu. Maskini, nasema moyoni, kusikia anasikia, lakini cha kusema kanipa alichonacho. Basi memsabu akatoka, na shangazi akafungua kinywa. Alisema maneno marefu, mwenzangu, yanapanda na kushuka. Aliuliza, akajibiwa, akacheka, akauliza tena. Nikasikia yestadei, nikasikia tumoro, na katikati nikalisikia lile kemu langu likipita mbio, kwake si kitu. Kiingereza alikuwa nacho chote. Alikuwa nacho chote siku zote zile, akakaa jikoni akinichagulia.

Kisha akanigeukia. "Kamu hia," akasema.

Nikaenda.

Nilifanya kazi ile mpaka nikaolewa. Shangazi alikuwa akiniletea leso kila Idi kutoka Tanga, na sikuzivaa, niligawa. Lakini yeye nilimzoea. Mtu akitaka kutoka gerezani ataacha yeyote mahali pake. Baba ndiye sikumaliza naye.

Alipofariki nilikuwa mama wa watoto wanne. Siku ya tatu baada ya hitima nilikwenda sokoni Changamwe, nikamkuta mwalimu, mvi zimemtoka, amevaa miwani. Alinijua yeye. Akasema, si wewe uliyenifagilia darasa? Tukacheka. Kisha akasema alikuja kwetu juma lile lile, na juma la pili yake akaja tena. Sikuwa na habari. Baba alimpokea vizuri, akamwangulia madafu, akamkalisha barazani.

"Akaniambia, mwenyewe hataki, nimembembeleza nimeshindwa," mwalimu akasema. "Nafasi yako niliiacha wazi muhula mzima. Kweli hukutaka?"

Kaburi la baba lilikuwa halijapata hata majani. Watu walikuwa wakipita, wengine ndio waliomzika juzi juzi tu, wananiamkia na kumrehemu.

"Kweli, mwalimu," nikasema. "Sikutaka."

Akatikisa kichwa, akanipa pole ya msiba, akaenda zake na kikapu chake. Mikanju imekatwa, palipokuwa jiko la shangazi pamepangwa makontena, na wote watatu wameshatangulia. Hakuna aliyebaki wa kuambiwa ukweli ila wewe. Nilitaka.