Kuhamisha Kura za Nyumba Yetu

Sababu ya safari yetu ilikuwa daraja. Lenyewe lilikuwa magogo tu, yametupwa juu ya kijito kinachotutenga na kituo cha kupimia majani chai, na mvua za masika ziliyabeba. Tangu hapo wanawake wanavuka ndani ya maji, vikapu mgongoni. Mke wangu Rasoa aliteleza humo. Majani ya asubuhi nzima yakaenda na maji, na goti lake halijapona hadi leo. Namshukuru Mungu kwamba kilichokwenda ni majani.

Nilisimama barazani kwa chifu nikaeleza shida hiyo. Msaidizi wa mwakilishi wa wadi, kijana anayevaa miwani ya jua hata siku ya mawingu, alinisikiliza huku akichezea simu.

"Mzee, wewe na mama mnapigia kura wapi?"

"Karibu na Kabianga. Kwenye shule ya kambi tulipokuwa tukichuma chai."

"Basi mzee, daraja lenu liko Kabianga. Mlifuate huko."

Watu walicheka. Mimi niliketi. Bwana aliwahi kumtumia punda kusema neno la kweli, na sioni faida ya kumchapa punda. Kambi ile ilibomolewa mashine za kuchuma zilipoletwa. Tukanunua shamba huku upande wa Bomet, tukahamisha ng'ombe, mabati, hata miche ya parachichi. Kura hatukuipakia.

Alfajiri ya Jumanne tuliomba, tukafunga mlango, kwenda Bomet kuihamisha. Mdogo wangu Zakayo, ambaye nyumba yake iko ndani ya boma letu, alikuwa akitungoja langoni. Haendi kuhamisha chochote, alisema. Anakwenda Bomet kununua gambuti, vile viatu vya mpira vya matopeni, na kutucheka njiani.

Zakayo ni kama wengi wenu mnaosoma haya huko kwetu magharibi. Alikuja kwenye milima hii ya chai kabla hajaota ndevu. Watoto wake wanaota ndoto kwa Kipsigis, lugha ya wenyeji. Lakini kura yake aliiacha pale kitovu chake kilipozikwa. Kila uchaguzi anapanda gari kwenda kumchagua mtu wa kumtengenezea barabara asiyoipita, kisha anarudi kukanyaga tope la hapa akiilaani serikali. Hiyo ndiyo hekima tuliyorithi: kuishi kama wapangaji kwenye shamba lenye hati ya jina letu.

Kijitoni tulivua viatu. Rasoa alinishika bega, akavuka akiuma meno. Zakayo aliruka kutoka jiwe hadi jiwe kama mbuzi, akatugeukia toka ng'ambo.

"Mnaona? Daraja la nini?"

Kutoka hapo hadi lami ni mwendo wa kupanda, chai kulia na chai kushoto, na ukungu bado umelala juu yake. Zakayo alihubiri njia nzima.

"Kaka, kura ni kama kaburi, haihamishwi. Hata Yusufu, mume wa Mariamu, alikwenda kuhesabiwa mji wa baba zake. Wewe mzee wa kanisa hulijui hilo?"

Kusema kweli alinipata. Rasoa, aliyekuwa mbele yetu akichechemea, aliuliza bila kugeuka:

"Shemeji, na alipofika alilala wapi?"

"Kulikuwa na shida ya nafasi."

"Zizini! Mji wa baba zake, na hakuna hata binamu mmoja aliyemfungulia mlango. Tena yeye alilazimishwa na Kaisari. Wewe nani amekulazimisha?"

Zakayo aliitazama chai kwa makini sana, kana kwamba hajawahi kuiona. Nimesikiliza mahubiri mengi ya Krismasi, lakini sikumbuki yaliyonipendeza kuliko yale.

Bomet tulifika jua likiwa limepanda. Kwenye kila hoteli tuliyopita wanaume walikuwa wamekunja mikono juu ya meza, chai ikipoa, wakimng'oa gavana huyu na kumsimika yule. Mmoja alikuwa akipiga meza kwa ngumi. Nilidhani foleni ya ofisi ya uchaguzi itatoka hadi barabarani. Tulipoingia, benchi lilikuwa tupu. Wenye nchi wote walikuwa hotelini.

Afisa alikuwa kijana mpole wa Kipsigis. Alitukaribisha tukae, akachukua vitambulisho, akanimaliza mimi haraka. Kisha akamgeukia Rasoa.

"Kogo, weka kidole gumba hapa," alisema, akimwita bibi kwa lugha yake.

Mashine ilikataa. Rasoa alifuta kidole kwa leso, ikakataa tena. Akaweka cha shahada, ikakataa. Afisa aliushika mkono wake akauinua kwenye mwanga wa dirisha. Vidole vya kuchumia vilikuwa vyeusi kwa utomvu na laini kama jiwe la mtoni. Miaka ya kuvunja majani mawili na chipukizi ilikuwa imefuta kila mstari.

Zakayo, aliyekuwa ameegemea mlango, hakuweza kujizuia.

"Hata mashine inajua kwenu si hapa, Mama Ayubu!"

Rasoa hakumtazama. Alivitazama vidole vyake. Nilijua anachofikiri: ametembea na goti lile mpaka hapa, na sasa atarudi kwenye kijito kile akiwa bado si mtu wa mahali popote, maana shule ya Kabianga hawezi tena kuifikia. Niliomba kimya. Sikuomba maneno mazuri. Nilisema tu, Bwana, unamjua huyu.

"Kogo," afisa alisema, "tujaribu vidole visivyochuma."

Akaweka kidole kidogo cha mkono wa kushoto. Mashine ilifikiri, kisha ikalia. Uso wa Rasoa, wa zamani, ukatokea kwenye kioo cha mashine, amefunga kitambaa cha kichwa kile cha kambini.

"Umeonekana, kogo. Sasa wewe ni wa hapa."

Kidole ambacho chai haikukihitaji ndicho kilichomtambulisha. Ninamshukuru Mungu kwa vile anavyojiwekea akiba.

Alasiri tulirudi, Zakayo akiwa na gambuti mpya miguuni, zinameta. Mvua ilikuwa imenyesha juu milimani na kijito kimejaa. Mimi na Rasoa tulivuka polepole, nikipima kina kwa fimbo. Zakayo alisema mwenye gambuti havui viatu. Akaruka. Jiwe la kwanza lilimpokea, la pili likamkana. Alikaa chini katikati ya mto, maji yakamfika kifuani, gambuti zikajaa.

"Kaka! Nipe fimbo!"

Nilinyoosha fimbo, lakini Rasoa aliishika kwanza.

"Shemeji, subiri kidogo. Mpigie simu mwakilishi wako wa kule nyumbani, aje akutoe."

Alicheka mpaka akasahau goti. Kisha tukamtoa.

Jioni gambuti zilitundikwa juu chini kwenye ua. Zakayo alikohoa nje ya mlango wangu, akauliza, kama mtu anayeuliza habari za ng'ombe, ile ofisi ya Bomet hufunguliwa siku gani. Nilimwambia aulize wazee wa kwetu magharibi. Nilipomwona amenywea vya kutosha, nikamwambia ni siku gani, na kwamba Rasoa amekubali kumsindikiza.

Daraja bado halijajengwa. Baraza lijalo nitasimama palepale, na yule kijana wa miwani akiniuliza ninapigia wapi, nitamwonyesha kwa fimbo: hapa. Nanyi mnaong'ang'ania kuandikwa palipo na makaburi yenu, haya ndiyo niliyojifunza: kaburi lina subira, litakungoja popote ulipo. Mto hauna.