Harusi Yangu Katika Ghala la Reli

Niliolewa ndani ya ghala la mizigo la stesheni ya reli, hapo Kitale, na sioni aibu kusema. Miaka hiyo simu za mkononi bado tulizining'iniza shingoni, na treni za mahindi zilikuwa zimekoma. Tajiri mmoja akalikodi ghala, akalipaka rangi, akaweka vigae na mapazia ya zambarau. Jumapili watu waliabudu humo, Jumamosi wakaoana. Sisi wasichana wa Kibomet, hapo jirani, tuliliona kama Ulaya.

Baba hakuliona hivyo. Alitoka kwao Bokoli akiwa kijana kuja kubeba magunia humo, na aliyabeba mpaka asubuhi ile wapagazi walipoambiwa warudi makwao, kazi imekwisha. Nilipomwambia harusi itakuwa wapi, aliweka kikombe chini.

"Mimi siingii huko. Nitakufikisha kwa mulango. Mujomba wako atakupeleka ndani."

Nilimtaka yeye, si mjomba. Lakini mtoto wa nyoka ni nyoka: kama yeye ni mkaidi, mimi je? Sikubadilisha ukumbi. Nilinuna wiki nzima, na usiku nililia kimyakimya.

Siku ikafika. Kumbe yule tajiri, kwa werevu wake, alikuwa amejenga vyoo juu ya njia ya nyuma, ile ya mteremko ya kupandia ghalani. Ulibaki mlango wa mbele tu, na huo ulijengwa ulingane na sakafu ya behewa. Kizingiti chake kilinifika kifuani. Ngazi ya mbao aliyoiweka ilivunjika chini ya shangazi wa kwanza. Shangazi hakuumia ila heshima. Wageni wetu kutoka Bungoma wakakwama juani na kofia zao, na vijana wakaleta kiti cha plastiki cha kumnyanyulia mama mkwe wangu.

Baba alikuwa kando ya reli, mikono kifuani. Uzalendo ukamshinda.

"Wacheni hiyo kiti! Ati munabeba mutu kama sofa? Mutamwangusha, bana!"

Akavua koti. Akaagiza mbao mbili ndefu kutoka kwenye lori lililoleta viti, akaziegemeza kizingitini, akazikanyaga kuzipima. Kisha akanijia.

"Toa viatu, mama. Hatua fupi fupi. Usisimame katikati, ubao itakurusha. Ikinesa, nesa nayo."

Tukapanda, amenishika kiwiko, gauni likizoa vumbi, akina mama wa Bungoma wakipiga vigelegele. Nilifurahi, nikanesa na ubao. Juu kabisa niliogopa kumtazama, nisije nikamwona akigeuka. Hakugeuka mpaka miguu yangu ilipokanyaga vigae, na yake pia.

Kisha akashuka kumchukua mama mkwe. Akashuka tena, na tena. Aliwapandisha wote, akiwakemea sawasawa, hata mchungaji na Biblia yake. Sikuwahi kumwona mzee wangu na furaha kama ile.

Mchungaji alipouliza ni nani anayemtoa bibi harusi, mjomba aliinuka, akakohoa, akanyoosha tai. Baba alikuwa bado mlangoni, shati limelowa jasho, akimvuta ndani bibi kizee wa mwisho.

"Wewe kaa chini," akamwambia mjomba, watu wote wakisikia. "Huyu nimemupandisha mwenyewe."