Malenge Iliyong'aa

Juzi binti yangu Chebet alikuwa akikata malenge jikoni. Mama yangu, ambaye siku hizi tunaishi naye, akamwambia, "Pangusa mikono kwanza. Mimi nilijikata kwa sababu ya mafuta."

Nikasikia tena harufu ya jiko letu la zamani, moshi wa kuni na maziwa mabichi. Alasiri ile aliyojikata, nikiwa mtoto, Mama aliosha malenge, akaniambia niikaushe vizuri isiteleze, kisha akaenda kukamua. Niliikausha. Halafu nikachovya kidole kwenye kopo la mafuta ya kupaka chuchu za ng'ombe, yale tuliyojipaka usoni Jumapili tung'ae kanisani, nikaisugua malenge mpaka ikameta. Nilidhani Mama angefurahi.

Alipoikandamizia kisu, malenge iliteleza. Kisu kikaingia kwenye kidole gumba cha mkono wake wa kushoto.

"Ni mikono yangu," alisema akijifunga kitambaa. "Nimetoka kukamua, sikunawa vizuri. Ama?"

"Eeh, Mama," nikajibu.

Nilidhani kidonda kikipona mambo yatakuwa yameisha. Kumbe kile kidole hakikukunjika tena, na tangu hapo akawa anachuma majani chai kwa mkono mmoja, wenzake wakimwacha nyuma kila mstari. Kila aliyemuuliza alimwambia ni uzembe wake mwenyewe.

Sasa Chebet alikuwa amenigeukia, kisu mkononi. "Ni kweli, Mama? Nyanya alijikata hivyo?"

Mama yangu naye alikuwa akinitazama.

"Eeh," nikasema, nikaendelea kusugua sufuria ambayo ilikuwa imeshatakata.