Nilivyoisahihisha Mashine Iliyonitoa Kazini

Kazi yangu kwenye kiwanda cha pamba, mjini Bariadi, ilikuwa kushika. Robota la pamba iliyoshindiliwa likitoka nilichomoa kishungi cha nyuzi, nikakivuta kwa vidole gumba mpaka nyuzi zilale sawa, kisha nikasema: hii ndefu, hii fupi, hii ilivunwa na umande. Alinifundisha mzee mmoja wa kiwandani kabla hajastaafu, na ilipita misimu minne ndipo akaniruhusu niseme peke yangu. Pamba ya Nkoma, kijijini kwetu, niliitambua kabla sijauliza lori limetoka wapi.

Mwaka juzi ikaletwa mashine ya kupima nyuzi, na binti mwenye diploma wa kuiendesha. Meneja akaniita.

“Mama, tusaidie wiki mbili hizi. Mashine ikipima, na wewe upime, tuone kama mnakubaliana.”

Hatukukubaliana. Mpaka siku ya tatu mashine ilikuwa ikisema kila robota ni nyuzi fupi. Binti alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama bibi aliyeanza kupoteza macho. Nikamwambia meneja, “Mashine yenu inadanganya.” Ilibidi aitwe fundi kutoka Mwanza. Akaifungua, akakuta imetegeshwa vibaya tangu siku ya kwanza.

“Kumbe mashine ni huyu mama!” akasema. Tukacheka wote. Mimi ndiye niliyecheka zaidi.

Baada ya hapo ikawa inakubaliana nami robota kwa robota, nami nikafurahi, mjinga mimi. Wiki ya pili ilipokwisha, meneja aliniita ofisini. Alizungumza huku akitazama meza.

“Nafasi iliyobaki inataka cheti, mama. Na kompyuta.”

“Hiyo kompyuta aliisahihisha nani?”

“Tunashukuru sana,” akasema.

Nikarudi Nkoma kulima pamba kwenye shamba aliloniachia marehemu mume wangu. Mgongo wangu haukuwa umezoea jembe. Majirani waliniuliza nimeiba nini huko kiwandani, maana kwao mtu hafukuzwi bure.

Msimu uliopita mashine ikaharibika, na malori yamejaa uani. Wakanitumia bodaboda. Niliapa siendi, nikaenda. Siku tatu nilikaa kwenye meza yangu ya zamani, kwa malipo ya kibarua, na aibu yangu ni kwamba nilikuwa na furaha.

Yule binti alivuta stuli akakaa karibu yangu. Ni mtoto wa Maswa, ananiamkia Kisukuma na kuniita mayu, yaani mama, hajawahi kunikosea adabu.

“Mayu, nifundishe,” alisema. “Mashine ikizima nabaki sijui kitu.”

“Haifundishiki, mwanangu. Ni kipaji, mtu anazaliwa nacho.”

Nilimdanganya. Inafundishika. Mimi nilifundishwa palepale, kwenye meza ileile, na mzee ambaye hakuninyima kitu. Binti akaitikia kwa heshima, akaondoka kwenda kumpigia fundi simu.