Ukame wa Mwalimu na Ngoma ya Mama Mdogo

Siku mwalimu alipotangaza ukame, nilikuwa nimeanika nguo za wateja ndani ya nyumba, kwa sababu nje kulikuwa hakuanikiki kitu. Mimi ni fundi cherehani hapa Tukuyu, na mvua imenifundisha kuvumilia harufu ya kitambaa kibichi. Ilikuwa ikipiga bati kana kwamba bati limeiibia kitu. Nikachukua simu, nikasoma ujumbe wake: "Ardhi imepasuka. Mito imekauka. Ng'ombe wanalia usiku kucha." Nilicheka mpaka nikajichoma sindano.

Tulikuwa na kikundi kwenye simu, watu wa Tukuyu na vijiji vya jirani, tukiigiza ufalme ambao haupo. Kila mtu alikuwa na mhusika wake. Mmoja alikuwa mhunzi, mwingine mganga, na mkuu wa walinzi wa mfalme alikuwa kijana anayeuza vocha stendi. Unaandika anachofanya mhusika wako, mwenzako anajibu kwa niaba ya wake, hadithi inasonga. Juu yetu sote alikuwepo msimulizi, anayepanga maadui, magonjwa, hali ya hewa na kazi nyingine za Mungu. Msimulizi wetu alikuwa mwalimu wa jiografia, mzaliwa wa Dodoma, aliyeletwa huku kufundisha na hajawahi kuisamehe mvua yetu.

Mwalimu alipenda mkasa mkubwa, wa ufalme mzima, wenye ramani na ratiba. Ukame ungeanza, adui angeteka chemchemi, vita vingefuata. Sisi tulipenda mambo yetu: harusi, minada, ugomvi wa mipaka. Yeye aliyaita vijimambo. Simlaumu sana, maana kesi ya mbuzi aliyekula mboga za mganga ilichukua siku nyingi kuliko vita vya kwanza, na mwisho wake mbuzi alishinda.

Lakini haki ya mtu usimnyime. Kabla ya mikasa ya mwalimu, tulikuwa na harusi tupu, na harusi ya kwenye simu haichelewi kufanana na ya nyumbani, watu wananuniana kwa sababu ya nyama. Mkasa wake ulitupa kitu cha kuogopa kwa pamoja. Tatizo ni kwamba akishaanza, hataki mtu apumue nje ya ratiba. Mtu umeshinda kutwa unatumwa na wateja, jioni unaingia kwenye ufalme nako unatumwa.

Sasa huo ukame ulimtesa, kwa sababu watu wa huku Rungwe hatuujui. Mganga aliandika kwamba alipokuwa akienda kuomba mvua aliteleza kwenye tope. Mhunzi aliingia kikao cha njaa, akalitundika koti lake la mvua mlangoni. Mhusika wangu, muuza pombe, aliwapa wakimbizi wa njaa mkungu mmoja mmoja wa ndizi, akawasihi waongeze maana zinaoza. Mwalimu akatoka nje ya hadithi, akaandika kwa herufi kubwa: NCHI NI KAVU. HAKUNA NDIZI.

"Hata mbivu?" mtu akauliza.

Hapo mwalimu akaandika ujumbe mrefu. Alieleza jinsi mama yake alivyokuwa akifukua mchanga wa mto kwa mikono, kisha anakaa kungoja maji yajikusanye kidogo kidogo, kata kwa kata, na watoto wamekaa pembeni hawasemi. Kisha mganga akauliza kwa nini mama hakwenda kwenye mto mwingine. Nilimwonea mwalimu huruma ya kweli siku ile, ingawa haikudumu.

Haikudumu kwa sababu ya mama mdogo wangu. Yeye ni mtu wa kijiji cha Matwebe, na tangu nimjue, hakuna ngoma iliyompita. Aliteleza kwenye mteremko wa shamba lake la ndizi, akavunjika nyonga ya kulia, nikamleta akae kwangu mjini awe karibu na hospitali. Daktari alisema mguu utamfikisha chooni na kumrudisha, ila mambo ya kucheza ngoma asahau. Mama mdogo alimsikiliza kama anayesikiliza bei ya kitu asichokusudia kununua. Tukarudi nyumbani, akaanza kusimamia cherehani yangu kutoka kitandani, mshono huu umepinda, ule umelegea, mpaka nikaona heri nimuingize kwenye kikundi.

Akajitengenezea bibi mmoja mrefu, mwenye miguu myepesi, anayetoka kilima hiki kwenda kile kabla chai haijapoa. Aliandika kwa kidole kimoja, ulimi nje. Haukupita muda, bibi yule akawa anajulikana ufalme mzima. Akatangaza kwamba Jumamosi, baada ya chakula cha mchana, atafanya ngoma kando ya ziwa, na watu wote wanakaribishwa. Wiki nzima alikuwa kwenye maandalizi. Nani atapiga ngoma kubwa, nani ataleta mbalaga, ndizi zetu za kupikwa, wazee wa kutoka kijiji cha Kisiba wakae upande gani ili moshi usiwafuate. Mimi nilipewa kazi ya kupika kimpumu, ile pombe ya ulezi tunayoivuta kwa mirija kutoka chungu kimoja. Kuipika kwa kidole ni rahisi mno, ninaipendekeza kwa kila mtu.

Ijumaa akapata ujumbe wa mwalimu, wa faragha. Akaniomba nimsomee kwa sauti. "Shikamoo mama. Naomba mhusika wako afe kesho. Atafia njiani kwa kiu, tone la mwisho la maji akimwachia mtoto. Kifo chake ndicho kitakachowasha vita."

"Marahaba," mama mdogo akaijibu simu. "Nife kwa kiu? Gwe mwalimu, huku hata chura anatafuta pa kujikaushia."

Nilicheka, yeye hakucheka. Aliigeuza simu kifudifudi juu ya blanketi, akatazama ukutani.

"Mwanangu," akasema, "sijacheza bado."

Nilisimamisha cherehani. Nilikuwa sijui. Wiki nzima nilidhani tunacheza mchezo wa simu.

Nikampigia mwalimu. Akaniambia mkasa ule ameuandaa kwa muda mrefu, na kila mtu akiachiwa ngoma yake, hapo hakuna hadithi tena, ni gulio.

"Na ukiwanyima, hakuna watu," nikasema. "Utabaki na mtihani unaousahihisha mwenyewe."

"Dada, sijakataa ngoma. Aahirishe mpaka mvua inyeshe."

"Itanyesha lini?"

"Baada ya vita."

"Na umemuua kabla ya vita."

Akasema ratiba ni ratiba, akakata simu. Kama angekuwa karibu, ningempima suti ya kumbana kwapa.

Jumamosi ikafika, na mvua yake. Mwalimu aliandika saa ileile aliyopanga: vumbi limetanda, majeshi mawili yametazamana juu ya kilima. "Nani anasonga mbele?" akauliza.

Mkuu wa walinzi ndiye aliyejibu. "Mimi niko njiani kwenye ngoma. Nimebeba mkungu."

Wakafuatana wote. Mhunzi alikuja na mke wake, mganga na yule mbuzi mshindi. Hata askari wa adui waliteremka kilima upande wa pili, wakisema wamesikia kuna pombe. Mwalimu akaandika tena kuhusu vumbi. Hakuna aliyemjibu.

Nilikaa pembeni ya kitanda. Mama mdogo aliandika: "Naingia uwanjani. Nimejifunga kanga mbili." Wapiga ngoma wakaanza, ndu ndu ndu, kila mmoja kwa simu yake, huko aliko. Akaandika: "Nakanyaga. Mguu wa kulia. Wa kushoto. Wa kulia tena, kwa nguvu." Watu wakapiga vigelegele. Akaandika jinsi anavyozunguka, jinsi ardhi inavyomrudishia kishindo, jinsi magoti yanavyomtii. Chini ya blanketi niliona vidole vya mguu wa kulia vinajaribu. Nikalia.

"Unalia nini, kuna mtu amekufa?" akaniuliza bila kuinua macho.

"Bado."

"Basi usinichanganye, nacheza."

Ndipo ukaingia ujumbe wa mwalimu: "Jemadari wa adui anashuka kilimani peke yake. Ana kiu."

Ngoma zikanyamaza. Sote tulijua angeweza kutuchinja pale kwa sentensi moja, maana upanga ni wake na hali ya hewa ni yake. Lakini kwetu mgeni haulizwi shida kabla hajala. Mama mdogo hakufikiria mara mbili. "Karibu, baba. Kaa hapa. Shida yako utaisema ukishashiba." Akampa mrija.

"Jemadari anavuta," mwalimu akaandika. Kisha, baada ya kitambo: "Anavuta tena."

Mtu akamletea mbalaga. Hakuna aliyetaja ukame, hata yeye. Ngoma zikarudi, na mwalimu akaandika mwenyewe, bila kulazimishwa: "Jemadari anacheza. Anacheza vibaya sana." Hapo nikamsamehe yote, pamoja na kunikatia simu.

Jemadari alipomaliza kula, akapiga goti, akasema amekuja kuomba ruhusa ya vita. Mama mdogo alifikiri kwa muda mrefu, kidole hewani. Kisha akaandika: "Ruhusa umepata. Bibi anakaa kwenye mkeka. Amecheza, ameshiba, hana kiu hata kidogo. Anafumba macho. Amekwenda."

Kikundi kililipuka kwa vilio. Mkuu wa walinzi alitupa mkungu akashika mkuki. Walipigana mpaka jioni, wakiwa na hasira na tumbo limejaa, na mwalimu alikiri baadaye kwamba hajawahi kusimulia vita vizuri kama vile.

Mimi nilikuwa nimekasirika. "Mama mdogo, umemuua wa nini? Yule ndiye alikuwa na miguu!"

"Ndaga, nashukuru, mwanangu. Miguu imefanya kazi yake." Akanipa simu. "Mwambie mwalimu nataka mtu mpya. Bibi kiwete, mwenye mdomo, nyumba yake iwe barabarani. Ngoma zote zichezewe uani kwake."

"Na vita?"

"Navyo vipite kwake," akasema, akijivuta taratibu kukaa. "Ila vibishe hodi kwanza."