Salamu Ambazo Hazikuandikwa

Kuna Jumapili moja, mwanangu, ambayo mpaka leo nikiikumbuka masikio yananiwaka. Nilikuwa msichana wa Msangano, nimemaliza darasa la nne la misheni, kichwa kimevimba kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nawasomea watu gazeti.

Usicheke. Lilikuwa karatasi mbili tu, zimeshikizwa kwa pini, na jina lake Barua ya Wote. Mwalimu Lazaro, mzee wa Mbozi mwenye koti moja na subira nyingi, aliliandika mwenyewe na kulichapa kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono, wino ukimchafua mpaka viwikoni. Kila mwezi watu waliokuwa wakishuka Ivuna kufuata chumvi walituachia nakala moja. Moja, kwa kijiji kizima. Baada ya ibada nilisimama nje ya kanisa nikasoma: ugonjwa wa kahawa, ng'ombe waliopotea, na mwisho salamu za wanaume waliovuka mpaka pale Tunduma kwenda migodini. Kwa salamu hizo wanawake walichelewa kwenda kupika.

Mama Neli alikaa mbele kila mara. Mumewe, Yoramu, alikuwa hajaleta neno miaka mitatu. Kaka yake alikuwa amekuja kutoka Chitete kumchukua yeye na watoto, arudi kwao kabla ya msimu wa kulima. Siku ile aliniangalia, nami nikafika mwisho wa karatasi, jina la Yoramu halipo. Nikamwonea huruma. Au tuseme ukweli, nilipenda pia kuonekana mleta furaha. Nikasoma yasiyokuwepo: "Yoramu anamsalimu mkewe, anasema atarudi kabla ya mvua."

Vigelegele vilivyopigwa! Mama Neli alimkatalia kaka yake waziwazi, na kaka akaondoka kwa hasira, akisema asimtafute tena. Mvua zikaanza. Yoramu hakuonekana.

Mwezi uliofuata Mwalimu Lazaro mwenyewe alitutembelea. Sijamaliza kusoma, Mama Neli akainuka, akapiga magoti mbele yake. "Mwalimu, asante kwa salamu za mume wangu. Naendelea kumsubiri."

Mwalimu alimshika mkono akamwinua. Alinitazama mimi. Watu walipotawanyika akaniita kando, na hakupandisha sauti hata kidogo.

"Eseli, mimi nikikosea, mtu atarudi kwenye karatasi aone kosa langu. Wewe ukikosea, hawa watarudi wapi?"

Nilianza kulia. Akaniacha nilie nimalize, kisha akasema, "Twende. Nitakuwa pembeni yako, lakini utakayesema ni wewe."

Mama Neli alikuwa anapepeta ulezi. Nilipomwambia, aliendelea kupepeta kidogo, halafu akaweka ungo chini.

"Kwa hiyo na za wengine ulitunga?"

"Hapana, mama. Hiyo moja tu."

"Nitajuaje?"

Kabla ya jua kuzama kijiji kizima kilikuwa kimejua. Jumapili zilizofuata nilisoma mambo ya kweli tupu, na wanawake wakaenda zao kupika.

Mwalimu angeweza kuninyang'anya gazeti. Hakufanya hivyo, na namshukuru mpaka kesho. Alikwenda Chitete akamweleza kaka mtu kosa lilikuwa la nani, naye kaka akaja kumsaidia dada yake kulima. Kisha katika toleo lililofuata Mwalimu akaandika, juu kabisa: "Anayemjua Yoramu wa Msangano amwambie kwamba mkewe anataka kujua kama yu hai." Nakala zikavuka mpaka na wasafiri wa malori, zikasomwa huko wanakolala wachimbaji.

Mahindi yalikuwa yamechanua jibu lilipofika. Nilisoma: "Mke wangu, nipo. Niliumia mguu, nikaona aibu kuandika. Nitakuja tukivuna."

Hakukuwa na kigelegele hata kimoja. Mama Neli alinyoosha mkono, akachukua karatasi, akampelekea mzee wa kanisa. "Nisomee na wewe, baba." Mzee akasoma, neno kwa neno. Hapo ndipo Mama Neli alipolia.

Iliniuma sana, lakini alikuwa na haki. Kesho yake akaja kwetu na karatasi ileile. "Eseli, nifundishe. Sitaki tena kuazima macho ya mtu." Tukaanza na neno *nipo*. Yoramu aliporudi, anachechemea, alimkuta mkewe nje ya kanisa, anawasomea wenzake gazeti, mimi nimekaa chini nasikiliza.

Gazeti lilikufa Mwalimu alipoishiwa nguvu za kuizungusha mashine. Mimi nikawa mwalimu wa watu wazima, na kazi hiyo imenilea mpaka uzee huu. Nawashukuru wote wawili, aliyenionya na aliyekataa kuniamini.

Basi mwanangu, ukimsomea mtu asiyejua kusoma, hata kama ni ujumbe wa simu, msomee kilichoandikwa. Kikiwa kichungu, kaa naye, lakini usikitie sukari. Na akikuchukulia karatasi mkononi ampe mwingine aihakikishe, usinune. Mpe, kisha mfundishe kusoma.

Mungu akupe ulimi wa kuaminika, na siku ukikosea, akupe mtu wa kukupeleka mpaka mlangoni kwa uliyemkosea.