Kanga ya Mama na Mizani ya Zahanati

Daktari aliniambia nipunguze uzito kwa sababu ya presha. Miezi ya kwanza nilipungua vizuri, kisha mizani ya zahanati ikagoma. Ugali niliupunguza mpaka matonge mawili, mlenda nikala bila karanga, alfajiri nikatembea mpaka stesheni ya Tabora na kurudi, na bado ule mshale ukasimama palepale kama uliopigiliwa misumari. Nilitamani kuipiga teke.

Mama yangu, kule Bukene, hakuiamini mizani. Kila nilipokwenda kumwona aliikunja kanga yake, akanifunga kibwebwe, akakaza, kisha akanionyesha ncha zilizobaki nje ya fundo.

"Ona zilivyorefuka! Unapungua, mwanangu. Hicho chuma chao kibovu."

Nikarudi Tabora na moyo wa kuendelea.

Safari ya mwisho nilimkuta kitandani, amekonda. Bado aliitaka ile kanga. Alinifunga akiwa ameketi, na ncha zikawa fupi. Akaziangalia kidogo.

"Kanga imerudi kwa kufuliwa," akasema.

Baada ya arobaini yake nilipewa kanga hiyo. Nikajifunga mwenyewe mbele ya kioo, bila kukaza sana. Ncha zikawa fupi vilevile. Kumbe mizani ilikuwa nzima siku zote. Ni mama aliyekuwa akivuta kwa nguvu zake zote, mpaka zikamwishia.